Mirambo: Mtu wa Njia, na Siku Aliyofika Mpimbwe

Ndugu wana-Katavi, mlioko nyumbani na mlioko mbali,

Kila anayepanda treni Mpanda kwenda Tabora hukata pori la Ugalla, hufika Kaliua, kisha husimama Urambo. Wengi wetu tumepita kituo hicho tukiwa watoto, tumekaa juu ya mabegi na madebe ya asali, bila kuuliza jina lile limetoka wapi. Na wenzetu wa Dar es Salaam hupita Mtaa wa Mirambo, penye majengo ya Benki Kuu, nao hawaulizi. Mwaka huu tumeona ni vema kijitabu chetu kimsimulie mtu huyo. Alikuwa mtemi na alikuwa mpiganaji, lakini mtu akiyafuatilia maisha yake kwa makini ataona kwamba kwanza kabisa alikuwa mtu wa biashara. Uamuzi uliomgharimu kuliko yote aliyopata kufanya aliufanyia katika ardhi yetu, kule Mpimbwe, mwaka 1880.

Tunamsimulia pia kwa sababu chama chetu ni chombo cha mali ya watu. Kila mwaka tunapokea fedha, tunaamua ziende wapi, na kuna watakaofurahi na watakaonung'unika. Anayekabidhiwa mali ya wengi ana mengi ya kujifunza kwa mtu aliyeshika njia ya pembe kwa zaidi ya miaka kumi.

KIJANA WA UYOWA

Jina lake la nyumbani lilikuwa Mtyela Kasanda. Alizaliwa karibu na mwaka 1840 huko Uyowa, magharibi ya Tabora, na baba yake Kasanda alikuwa mtemi wa nchi hiyo ndogo. Mirambo ni jina alilojipatia vitani. Maana yake ni maiti nyingi. Jina la namna hiyo lilikuwa silaha yenyewe, kwa kuwa lilimtangulia mwenye nalo kijijini.

Alizaliwa wakati Unyamwezi ulikuwa umeamka. Misafara ya Wanyamwezi ilikuwa imekwisha kujulikana pwani, na wapagazi wao walikuwa wakibeba pembe hadi Bagamoyo na kurudi na nguo, shanga, bunduki na baruti. Waarabu na Waswahili kutoka Unguja nao walikuwa wamejenga Tabora, katika nchi ya Unyanyembe, na kuifanya njia panda ya biashara. Barabara moja ilikwenda Ujiji na Ziwa Tanganyika, nyingine ilipanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda, na nyingine ilishuka kusini kupitia Ukonongo hadi Ufipa. Aliyekaa karibu na barabara hizo aliona mali ya dunia ikipita mbele ya mlango wake.

Kasanda alipofariki, kijana alirithi utemi mdogo usio na nguvu. Watemi wa aina hiyo walikuwa wengi Unyamwezi. Wengi waliridhika kupokea hongo ndogo ya misafara na kuishi. Yeye aliangalia akaona jambo ambalo wengine hawakulitilia maanani. Uyowa haukuwa na tembo wengi wala watu wengi, lakini ulikaa kando ya njia ya Tabora kwenda Ujiji. Mtaji wake ukawa mahali alipokaa.

JINSI ALIVYOJENGA

Mtaji wa mahali hauna faida bila watu wa kuusimamia. Mirambo alikusanya vijana waliokuwa wameachana na vijiji vyao kwa sababu ya vita, njaa au ugomvi, akawapa silaha na kazi. Hao ndio rugaruga. Alijifunza mbinu za vita kwa Wangoni waliofika Unyamwezi kutoka kusini, ambao huko waliitwa Watuta, na mara nyingi aliwafanya washirika. Makao yake makuu aliyaweka Iselamagazi, mji wenye boma imara ambao wageni waliufika kwa mshangao.

Alikuwa na utaratibu mmoja ambao unastahili kuangaliwa. Nchi ikikubali kumtii, aliiachia mtemi wake na mila zake, ilimradi njia iwe wazi na pembe zije kwake. Nchi ikikataa, aliipiga, kisha mara nyingi aliweka mtu mwingine wa ukoo uleule wa kitemi. Hakutaka kuendesha kila kijiji yeye mwenyewe. Alitaka njia, na alijua kwamba mtu anayetawala kwao huwagharimu watu kidogo kuliko mgeni. Kwa namna hiyo, ndani ya miaka michache, nchi nyingi ndogo zilikuwa chini ya mkono mmoja.

Hatutaficha upande wa pili. Mali ya siku hizo haikuwa pembe tu. Mateka wa vita walikuwa mali pia, waliuzwa au waligawiwa washindi, na Mirambo alishiriki katika hayo kama wakubwa wengine wa wakati wake, Waafrika kwa Waarabu. Kijiji kilichochomwa kilikuwa kijiji cha watu. Tutalirudia jambo hili tukifika kwetu.

KUFUNGA NJIA, 1871

Ugomvi wake na wafanyabiashara wa Tabora ulikuwa wa siku nyingi. Wao walitaka kupita kwa bei yao, na walizoea kuingilia kati mambo ya watemi ili apatikane anayewafaa. Yeye alitaka hongo kamili na alitaka atambuliwe kuwa mwenye nchi. Mwaka 1871 mambo yalipasuka. Msafara wa Waarabu uliokuwa ukienda Ujiji ulizuiwa. Kwa maelezo ya Henry Morton Stanley, aliyekuwa Tabora wakati huo, Mirambo alichukua mapipa matano ya baruti, bunduki tano na marobota matano ya nguo, kisha akaurudisha msafara ulikotoka na kutangaza kwamba hakuna msafara utakaopita tena.

Huo ulikuwa uamuzi mgumu. Mtu anayeishi kwa hongo ya njia aliifunga njia hiyohiyo. Alikuwa amepiga hesabu kwamba hasara ya Tabora ingekuwa kubwa kuliko yake: pembe zao zilikuwa zimekwama Ujiji na ng'ambo ya ziwa, na madeni yao yalikuwa yakiwasubiri Unguja.

Waarabu waliamua kumpiga. Mwezi Agosti waliivamia Wilyankulu, wakaiteka na kuchukua pembe nyingi. Wakiwa njiani kurudi na mizigo ya nyara, Mirambo aliwavizia kwenye nyasi ndefu na kuwaua wengi. Mwezi huohuo aliingia Tabora yenyewe, akachoma sehemu ya mji, na Khamis bin Abdallah, mmoja wa wakubwa wa mji, akauawa. Stanley, aliyekuwa amejiunga na upande wa Waarabu akidhani ni kazi ya muda mfupi, alijikuta akikimbia.

Hapo ndipo historia ya Mirambo ilipogusa nyumbani kwetu kwa mara ya kwanza. Stanley alikuwa akimtafuta Dakta Livingstone huko Ujiji, na njia ya kawaida ilikuwa imefungwa. Septemba 20 aliondoka na kuzunguka kwa kusini, akapita Ukonongo na mapori yetu yenye nyati na twiga, kisha akapanda kuelekea Malagarasi. Mwaka uliofuata yeye na Livingstone walirudi Tabora wakipita Ukonongo. Misitu ya kwetu iliandikwa katika vitabu vya Ulaya kwa sababu mtu mmoja wa Uyowa alikuwa amefunga barabara nyingine.

KURUDI MEZANI

Vita viliendelea kwa miaka. Sultani Barghash wa Unguja alituma askari, wakashindwa kummaliza. Lakini Mirambo naye hakuweza kuimaliza Tabora. Akaona kile ambacho kila mfanyabiashara hukiona mwishoni mwa mgomo mrefu: pande zote mbili zinakula mtaji. Pembe anazo, lakini pembe hailiwi. Baruti na nguo zilitoka pwani, na pwani ilikuwa mikononi mwa Sultani. Njia iliyofungwa haileti hongo.

Kwa hiyo katikati ya miaka ya 1870 alikubali kuelewana na watu wa Tabora, na misafara ikapita tena. Wapo waliodhani amechoka. Ukweli ni kwamba alikuwa amepata alichokitaka, yaani kutambuliwa. Aliyeitwa jambazi mwaka 1871 sasa alikuwa mtu wa kupelekewa wajumbe.

Aprili 1876 alikutana na Stanley, yuleyule aliyepigana naye miaka mitano kabla. Walichanjiana damu wakawa ndugu. Stanley alitarajia kuona mtu wa kutisha, akakuta mtu mpole wa maneno, mwenye heshima, asiye na makuu. Mirambo hakuwa na sababu ya kumpenda mtu huyo, lakini alikuwa na sababu ya kumhitaji. Kisasi kingempa furaha ya siku moja. Undugu ulimpa jina jema Ulaya.

Baada ya hapo alitafuta njia ya kufanya biashara na pwani bila kupitia Tabora. Alimpokea mfanyabiashara wa Uswisi, Philippe Broyon, akamfanya mtu wa nyumbani mwake. Alitafuta urafiki na John Kirk, balozi wa Uingereza aliyekuwa na nguvu kubwa Unguja. Mwaka 1879 alimkaribisha Ebenezer Southon, daktari wa misheni kutoka London, akampa mahali pa kujenga Urambo. Southon alitibu watu, na pia alimwandikia Mirambo barua. Mtemi asiyejua kusoma alikuwa amejipatia mwandishi, daktari na wakala. Mwanzoni mwa mwaka 1880 wapo Waingereza waliofikiri kwamba Mirambo ndiye mtu wa kushirikiana naye katika bara, na kwamba amani ya njia ingeweza kumtegemea yeye.

MPIMBWE, JUNI 1880

Sasa tuje nyumbani.

Mwaka 1879 jumuiya iliyoundwa na Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji ilifungua kituo Karema, kando ya ziwa. Mwaka huohuo Kapteni Frederick Carter alishusha tembo wanne wa India pale Msasani, kuona kama wanyama hao wangeweza kubeba mizigo badala ya wapagazi. Baadhi walikufa njiani.  Juni 1880 Carter, akiwa ametoka Karema, alikuwa Mpimbwe pamoja na mwenzake Cadenhead.

Siku hizo Mirambo alikuwa vitani upande wetu, pamoja na mshirika wake Simba, mtawala wa jirani. Walikuwa wakitaka kuitiisha nchi ya Wapimbwe. Jeshi lilifika, likaivamia ngome, na kijiji kikaanguka. Carter na Cadenhead walikuwa humo, wakauawa wote wawili.

Vitabu vingi vilivyoandika habari hii vinahesabu Wazungu wawili. Sisi tunapaswa kuwahesabu na wengine. Ndani ya ngome ile kulikuwa na Wapimbwe, wazee na watoto wao, na wapagazi wa Carter waliotoka mbali. Majina yao hayakuandikwa. Fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi, na mwaka huo nyasi zilikuwa ni sisi.

Kwa Mirambo mwenyewe matokeo yalikuja haraka. Alijieleza kupitia kwa Southon kwamba hakukusudia kuwaua Waingereza, na huenda ni kweli. Hakuna mfanyabiashara mwenye akili ambaye angewaua raia wa nchi anayoitafutia urafiki. Lakini kueleza hakukusaidia. Kirk aliacha kumwamini. Mlango aliokuwa ameugonga kwa miaka minne ulifungwa kwa siku moja.

Tukilitazama jambo hili kwa jicho la uongozi, kosa lake lilianza kabla ya siku ile. Biashara yake ilikuwa imebadilika, lakini njia yake ya kufanya kazi haikubadilika. Alikuwa amekwisha kufika mahali ambapo sifa yake kwa wageni ilikuwa na thamani kuliko kijiji kimoja zaidi. Hata hivyo alikuwa bado na jeshi la vijana wanaolipwa kwa nyara, na jeshi la namna hiyo halikai nyumbani. Alikuwa pia na mshirika ambaye ugomvi wake na majirani ulimvuta asikohitaji kwenda. Aliingia Mpimbwe kwa sababu alizoea kuingia. Mtu aliyepiga hesabu kali mwaka 1871 kabla ya kufunga njia hakupiga hesabu hiyo mwaka 1880, wakati alikuwa na mengi zaidi ya kupoteza.

MIAKA YA MWISHO

Hakukata tamaa. Mwaka 1882 alielewana na Hamed bin Muhammed, Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa pembe wa Manyema, aliyekuwa akielekea pwani na shehena yake. Wakubwa hao wawili waliona kwamba ugomvi ungewala wote. Lakini mwaka huohuo Southon alifariki kwa ajali ya bunduki, na Mirambo akampoteza mtu aliyekuwa kinywa chake kwa Waingereza. Mwenyewe alianza kuugua. Alifariki Desemba 2, 1884.

Ndugu yake Mpandashalo alirithi. Lakini nchi zilizotii zilikuwa zimemtii Mirambo, si kiti chake. Washirika walikuwa wake, rugaruga walikuwa wake, mikataba ilikuwa ya damu yake. Hapakuwa na baraza lililozoea kuamua bila yeye, wala hazina isiyotegemea vita vya mwaka ujao. Ufalme ulianza kumeguka mara moja. Wajerumani walipofika Tabora mwaka 1890, hawakukuta dola ya kuwazuia. Kazi ya zaidi ya miaka ishirini iliyeyuka kwa miaka sita.

SISI NA YEYE

Tumkumbukeje mtu huyu, sisi ambao wazee wetu walikuwa ndani ya ngome?

Wapo watakaosema asisimuliwe kabisa katika kijitabu cha wana-Katavi. Tumelifikiri hilo. Lakini kumficha hakuwarudishi waliokufa, na kumsifu tu ni kuwasahau. Tumesimulia yote mawili. Alikuwa na akili ya biashara ambayo wachache wa wakati wake walikuwa nayo: aliona mtaji pale ambapo wengine waliona kijiji, alithubutu kupoteza leo ili apate kesho, na alijua wakati wa kuacha ugomvi. Na uamuzi wake uliwaangukia watu ambao hakuwauliza. Yote mawili ni kweli, na kiongozi yeyote anayeshika mali ya wengi anaweza kuwa yote mawili.

Njia nazo hazikwisha. Reli ilifika Mpanda kwa sababu ya risasi iliyochimbwa hapa, na mgodi ulipofungwa mji haukufa, kwa kuwa njia ilibaki. Leo Karema ina bandari mpya inayotazama Kongo ng'ambo ya ziwa. Malori ya mpunga yanatoka Mpimbwe, asali na tumbaku zinatoka Inyonga. Tangu mkoa wetu uundwe mwaka 2012 tumekuwa tena watu wanaokaa kando ya njia. Swali ni lile lililomkabili kijana wa Uyowa: mali ikipita mbele ya mlango wetu, tutaishia kupokea hongo ndogo, au tutajenga kitu?

Chama chetu kimejaribu kujibu kwa namna ambayo Mirambo hakuijaribu. Fedha yako haikai kwa mtu mmoja. Hutiwa sahihi na zaidi ya mmoja, hukaguliwa, na hesabu husomwa mbele ya mkutano mkuu, hata pale ambapo kuisoma kunaleta aibu. Mwenyekiti hubadilika, daftari linabaki. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na tumeona jinsi hata mali ya shujaa ilivyopotea. Vilevile, kabla ya kuamua mradi uende kata gani, tunawaita watu wa kata hiyo wakae nasi. Mara nyingine jambo hilo hutuchelewesha msimu mzima. Tunaona ni afadhali kuchelewa kuliko kuwafikia watu na uamuzi ambao tayari umekwisha.

Basi, ndugu yetu, ukimaliza kusoma ukurasa huu, fomu ya ahadi iko mwisho wa kijitabu. Jaza unachoweza, kidogo au kikubwa, na uandike pia ungependa kifanyiwe nini. Kisha uje kwenye mkutano uulize kilifanyiwa nini. Na siku utakapopanda treni kwenda Tabora, ikisimama Urambo, wasimulie watoto walio kando yako habari za mtu aliyeshika njia yote hii. Wasimulie na habari za watu wa Mpimbwe.